Stesheni ya Moshi mezani: mlima unaopasuka, pointi iliyoganda na bati la foili

SWALI: Nina meza ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 na treni ndogo za skeli ya 1:87 alizoniletea shemeji yangu kutoka Ujerumani. Nataka kutengeneza stesheni ya Moshi, ghala la kahawa pembeni, na Kilimanjaro nyuma. Mlima nimeujenga kwa magazeti, uji wa ngano na jipsamu. Umepasuka mara mbili na panya wameutoboa. Kisha nilimwaga mchanga na gundi kati ya reli, sasa pointi (pale njia ya reli inapogawanyika) imeganda na kichwa cha treni kinakwamakwama. Vifaa vya kuagiza nje siviwezi. Nirekebishe vipi, na nitumie nini cha hapa hapa? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu yangu, huo mlima uvunje. Hata usingepasuka ningekwambia hivyo hivyo, kwa sababu ya hesabu. Kwa skeli ya 1:87, mita moja ya kweli ni milimita 11.5 mezani. Kilimanjaro ina mita 5,895, ukigawanya kwa 87 unapata karibu mita 68. Na kutoka mjini hadi Kibo ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, ambazo kwa skeli yako ni mita 345. Yaani mlima wako ungetakiwa kusimama mtaa wa tatu kutoka kwenu, ukiwa na kimo cha ghorofa 20. Ukiusimamisha nyuma ya ghala ukiwa na nusu mita, jicho halioni Kilimanjaro, linaona kichuguu.

Kwa hiyo mlima unachorwa. Chukua hadibodi ya milimita 3, isimamishe nyuma ya meza, na kwenye kona ikunje taratibu badala ya kuikata pembe, maana pembe inatupa kivuli angani. Kwa mtazamaji aliyekaa, mstari wa upeo uwe sentimita 15 hivi juu ya meza. Sasa ukubwa: Moshi iko takriban mita 800 juu ya bahari, kwa hiyo kilele kinauzidi mji kwa mita 5,100 hivi kikiwa umbali wa kilomita 30. Jicho likiwa mita 1.2 kutoka kwenye ubao, Kibo inatokea sentimita 20 tu juu ya upeo. Mawenzi (mita 5,149) iwe kulia, sentimita 40 na kitu kutoka Kibo, kimo chake kama sentimita 17. Ndiyo, ni mlima mpana na uliolala. Karibu kila anayeuchora kwa kukumbuka anausimamisha wima kama pia iliyogeuzwa, na hapo ndipo mtu wa Moshi anapocheka.

Tumia rangi ya maji tu. Mbingu iwe nyeupe yenye buluu kidogo, ikififia kadiri inavyoshuka. Mlima uwe wa kijivu cha buluu, bila kijani na bila miti, na chini upotelee kwenye ukungu. Ukiweka mkanda wa mawingu katikati, kama ilivyo mchana wa siku nyingi, umeficha pia mahali ubao unapokutana na meza.

Theluji itakulazimisha kuchagua mwaka. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikasogezwa hadi Arusha mwaka 1929. Ramani ya barafu ya mwaka 1912 inaonyesha kofia kubwa. Tangu hapo zaidi ya asilimia 80 ya barafu hiyo imekwisha. Kama vichwa vyako ni vya dizeli, basi Kibo yako iwe na vipande vyeupe vichache, si kofia nzima. Ukitaka kofia, tafuta kichwa cha mvuke.

Kwa nini mlima ulipasuka

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Gazeti lililolowa uji hunyonya maji ya jasi (ndiyo hiyo jipsamu ya mafundi wa dari), likavimba. Likikauka linajikunja, na jasi haijui kujikunja, kwa hiyo inapasuka. Tena huenda uliianika juani. Jasi inajifunga kwa kula maji yake yenyewe, na yakikimbia kabla haijajifunga unabaki na unga unaomong'onyoka. Na kama plaiwudi haina fremu chini, kila ukiihamisha meza inapinda. Funga fremu ya mbao za 2 kwa 2, na vipande vya kukatiza kila sentimita 40. Kuhusu panya hakuna la ajabu: uji wa ngano ni chakula.

Ardhi ya stesheni yenyewe karibu ni tambarare. Unahitaji tuta dogo, mtaro, kalavati, basi. Tumia povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni na friji. Likate kwa msumeno wa kukatia chuma, nje ya nyumba, huku ukilinyunyizia maji, maana zile punje zinanata kila mahali kwa umeme wake. Unganisha kwa gundi nyeupe ya mbao na vijiti vya meno, uache siku mbili. Katikati ya povu hewa haipiti, gundi inakauka polepole. Gundi ya viatu, tina, rangi ya mafuta na rangi ya kupuliza vyote vinayeyusha povu. Utaona shimo linakua huku unaangalia.

Juu ya povu funika kwa bandeji ya P.O.P., ile ile ya kufungia hogo, inayouzwa duka la dawa. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 15, chovya kwenye maji sekunde tatu, laza tabaka mbili, kila kipande kikikalia nusu ya mwenzake. Ganda la milimita 3 linatosha na halipasuki, kwa kuwa kitambaa kinalishikilia. Mashimo ya chachi yazibe kwa jasi nyepesi: vikombe viwili vya jasi kwa kimoja cha maji. Mimina unga ndani ya maji, sio maji ndani ya unga. Uache ulowe dakika moja ndipo ukoroge. Osha bakuli kila mara, kwani mabaki ya jasi iliyoganda yanaharakisha mchanganyiko unaofuata, ukakugandia mkononi. Matone machache ya siki yanaichelewesha. Poda ya mafundi wa dari mara nyingi ina kichelewesho tayari, kwa hiyo jaribu kijiko kimoja kwanza. Putii ya ukutani iache. Imetengenezwa kwa tabaka jembamba, ukiiweka nene itachanika.

Kabla ya kuweka chochote juu, paka kote rangi ya maji ya udongo. Jasi nyeupe ikichungulia chini ya majani inaharibu kazi ya wiki nzima.

Pointi na mchanga

Pointi inaokoka, kama gundi yako ilikuwa ile nyeupe ya kawaida na si ya kuzuia maji. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, subiri dakika 20, toa mchanga kwa kijiti cha meno, halafu sogeza ndimi (zile reli mbili fupi zinazohama) taratibu huku na huku. Rudia. Usilazimishe, maana kile kitaruma kinachounganisha ndimi mbili ni plastiki nyembamba na hakiungiki kikikatika. Kilichotokea ni kwamba maji ya gundi yalinyonywa chini ya hicho kitaruma, yakakauka hapo. Safari ijayo usiweke kokoto kabisa kati ya ndimi. Paka tu hapo rangi ya kokoto. Weka tone la mafuta ya cherehani kwenye kitaruma kabla ya kazi, na uisogeze pointi kila nusu saa gundi ikiwa inakauka.

Kichwa kinakwama kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: utando wa gundi juu ya reli unazuia umeme. Futa kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa usiuguse, mikwaruzo yake inakusanya uchafu na mwezi ujao hali itakuwa mbaya zaidi.

Ya pili ni mchanga wenyewe. Mchanga wa mito ya Moshi na Arusha umetoka kwenye miamba ya volkano na una punje nyeusi zenye chuma. Mota ya kichwa chako ina sumaku. Kila treni ikipita inaokota punje mbili tatu, zinaingia kwenye gia, na siku moja utasikia sauti ya kusaga. Toa sumaku kwenye spika mbovu, ivishe mfuko wa nailoni, ipitishe ndani ya mchanga uliokauka kabisa. Itatoka na ndevu nyeusi. Ukivua mfuko zinaanguka zenyewe. Rudia hadi itoke safi. Kwa kilo moja ya mchanga inaweza kufika mara kumi.

Kabla ya sumaku, osha mchanga hadi maji yawe meupe, uukaange kwenye sufuria kuukuu ili kuua mayai ya wadudu, kisha uchekeche kwa chujio la chai. Kokoto halisi za reli zina milimita 25 hadi 60, ambazo mezani ni 0.3 hadi 0.7. Wengi wanaweka mchanga mnene mno, na reli inaonekana imetandikwa juu ya mawe ya msingi wa nyumba.

Mwaga mkavu kwa kijiko, sawazisha kwa brashi, gonga reli kwa mpini wa kisu ili punje zilizopanda juu ya mataruma (yale yanayolala chini ya reli na kuzibeba) zishuke. Kisha nyunyiza maji yenye sabuni hadi mchanga ulowe wote. Hatua hii ndiyo wanaoanza wanairuka, na bila sabuni tone la gundi linajiviringa na kuchimba shimo. Sasa chukua bomba la sindano la mililita 5, gundi sehemu moja kwa maji sehemu tatu, dondoshea katikati na pembeni. Acha saa 24.

Mataruma ya plastiki ya reli za dukani ni ya rangi ya mbao. Njia hii ya kwetu kwa sehemu kubwa ilitandikwa mataruma ya chuma, mchwa wasiyaguse, kwa hiyo yapake rangi ya kutu iliyokolea vumbi, na ubavu wa reli vilevile. Juu ya reli pabaki kungʼaa.

Kuna jambo la vipimo utakaloulizwa na wajuzi, bora ulijue mapema. Reli zako zina upana wa milimita 16.5, ambao kwa 1:87 ni milimita 1,435, yaani ni SGR. Njia ya Moshi ni ya mita moja, ilitakiwa iwe na milimita 12 hivi. Reli za upana huo zipo ila zinataka treni zake. Mimi ningekaa na ulichonacho. Mchanga ukifika hadi ncha za mataruma, macho tisa kati ya kumi hayatagundua.

Ghala

Nenda ukaangalie majengo yenyewe, huna haja ya picha za mtandaoni za stesheni za Ulaya. Ukitaka kupima au kupiga picha ndani ya eneo la reli, ingia kwanza kwa mkuu wa stesheni uombe ruhusa. Pasipofikika, hesabu kozi za tofali: kozi moja ya bloku na saruji yake ni kama sentimita 24, mezani milimita 2.8. Mlango wa mita 2.1 ni milimita 24. Mtu mzima ni milimita 19 au 20. Jukwaa la kupakilia liwe sawa na sakafu ya behewa, karibu mita 1.1, yaani milimita 12 hadi 13.

Meza yako nzima ni mita 212 za kweli, kwa hiyo ghala la mita 40 litakula sentimita 46. Lifupishe. Sheria ni moja: punguza idadi ya milango, usipunguze kimo cha mlango. Ghala la milango mitatu badala ya saba bado ni ghala, lakini ghala la milango mifupi ni banda la kuku.

Kabla ya kugandisha jukwaa, bandika vipande vya penseli kwenye kona na katikati ya ubavu wa behewa refu kuliko yote, lisukume kwa mkono kwenye njia yote. Mistari inayochorwa ndiyo mpaka wako. Kwenye kona katikati ya behewa inaingia ndani na ncha zinatoka nje, na watu wengi hugundua hilo baada ya gundi kukauka.

Kuta zitoke kwenye kadibodi ya boksi la viatu, tabaka mbili zilizogandishwa zikipishana mwelekeo. Paka rangi pande zote mbili kwa siku moja. Ukipaka nje tu, ukuta utapinda kama kigae, na masika utapinda zaidi. Nondo za madirisha ni kipande cha chandarua kilichochakaa: tundu la milimita 1.5 linakuwa sentimita 13 za kweli. Kibandike kwa ndani, kipake rangi ya mafuta nyeusi iliyolainishwa, na usikiache kining'inie.

Bati ndilo litakalouza kazi yako, kwa sababu meza inatazamwa kutoka juu. Migongo ya bati halisi inapishana milimita 76, mezani 0.87. Sasa chukua rodi ya nyuzi ya milimita 5, ile ya bolti ya spana namba 8. Nyuzi zake zinapishana milimita 0.8. Karibu sawa kabisa! Kata kipande cha sentimita 10. Chukua sahani ya foili ya kubebea chakula, kata kitako chake, kilainishe kwa mgongo wa kijiko mpaka maandishi yote yafutike. Kilaze juu ya soli ya ndala, weka rodi, kandamiza kwa viganja viwili na uiviringishe mbele mara moja tu. Ukirudi nyuma, mistari ya pili haitaikalia ya kwanza na bati litaonekana limekanyagwa na ng'ombe.

Mistari itatoka imeinama kidogo, kama nyuzi 3 za pembe, kwa sababu nyuzi za rodi zinazunguka kama ngazi. Usihangaike, kata ukifuata mistari, sio ukingo wa foili. Bati la futi 8 ni milimita 28, la futi 10 ni milimita 35, upana 9 hadi 10. Anza chini kwenye ukingo wa paa, panda juu. Safu ya juu iikalie ya chini kwa milimita 2, na ubavu ukalie mgongo mmoja. Hapa gundi ya viatu inafaa, maana chini ni kadibodi, si povu.

Futa foili kwa spiriti, paka kijivu kilichofifia. Kwa kutu, saga kipande cha tofali la kuchoma, upepete kwa kitambaa, upake unga huo kwa brashi kavu. Kutu halianzi katikati ya bati. Linaanzia kwenye misumari, kwenye ncha zilizokatwa na pale bati mbili zinapokaliana, ndiko maji yanakokaa. Kila bati liwe na hali yake, na mawili yaache yanang'aa kana kwamba yamebadilishwa mwaka huu.

Majani na miti

Chagua mwezi. Februari ya Moshi si Mei ya Moshi, na meza yenye kijani cha Mei na vumbi la Februari haiaminiki. Kiangazi ni rahisi zaidi kwa anayeanza: majani makavu ni nyuzi za kamba ya katani kama zilivyo. Funga fungu jembamba, chovya ncha kwenye gundi, choma kwenye tundu la milimita 2, likikauka kata kwa mkasi libaki milimita 4 hadi 6. Panda kwa makundi, uache udongo uonekane katikati. Kandokando ya njia paka masizi kidogo, kwani majani ya huko huchomwa.

Migomba watu huiogopa bure. Paka rangi ya maji ya kijani pande mbili za karatasi ya kawaida, kata jani la milimita 28 kwa 6, likunje katikati kwa urefu, lichane kingo kwa wembe kama upepo ulivyolichana. Majani manane kwenye kijiti cha meno cha milimita 25, mawili ya chini yawe ya kahawia na yaning'inie shinani. Kwa mgrevilea, sokota nyaya za shaba za waya laini wa 1.5, gawa matawi, paka jasi nyembamba, kisha majani ya sponji la godoro lililosagwa likiwa limelowa rangi kwenye mashine ya mkono ya nyama (si ya jikoni kwenu, tafadhali).

Kahawa chini ya migomba usiipande karibu na stesheni. Kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) kiko juu huko, mteremkoni. Ukielekea Kahe panda migunga na mkonge. Kahawa kwako iwe ndani ya magunia kwenye jukwaa, kila gunia milimita 9 kwa 5, lililojaa na kuegemea mwenzake.

Ukitia taa ghalani, LED moja nyeupe na rizista ya ohm 1,000 kwenye umeme wa volti 12 inatosha. Paka ndani kwa rangi nyeusi tabaka mbili kabla ya kufunga paa, la sivyo kadibodi yote itawaka kama kibatari na mwanga utachuruzika kwenye kila kiungo. Na paa usiligandishe moja kwa moja. Liache linyanyuke, siku moja LED itaungua.